Wanakijiji wa Botton

Kaskazini mwa Uingereza, katika jimbo la Yorkshire, liko bonde jembamba liitwalo Danby Dale, lililozungukwa na nyanda za juu zisizolimika, ambako hapaoti ila vichaka vifupi vinavyochanua maua ya zambarau mwishoni mwa kiangazi, na ambako zamani matajiri walikwenda kila mwaka kuwinda ndege wa porini. Mwaka 1955, katika jumba moja la bonde hilo lililoitwa Botton Hall na katika mashamba yaliyokuwa chini yake, kilianza kijiji ambacho nchi ile ilikuwa haijaona mfano wake: kijiji cha watu wazima wenye ulemavu wa akili, wakikaa nyumba moja na watu wasio na ulemavu huo, wakila meza moja, wakilima ardhi moja, wala pasiwe baina yao mshahara, wala sare, wala zamu za kuingia na kutoka. Nia yangu ni kusimulia jinsi kijiji hicho kilivyopatikana, kwani asili yake haiko Yorkshire hata kidogo; asili yake iko Vienna, na njia iliyotoka Vienna hata ikafika Danby ilipita katika dhiki ambayo asiyeijua hatafahamu kwa nini watu wale waliishi kama walivyoishi.

Karl König alizaliwa Vienna tarehe 25 Septemba 1902, na wazazi wake walikuwa Mayahudi wenye duka la viatu. Mwana huyu wa wauza viatu alizaliwa na miguu yenye kasoro, akakua mfupi wa kimo na mwenye kichwa kikubwa, na mimi sioni kuwa ni jambo la kupita hivi hivi, maana mtoto aliyezoea tangu utotoni kutazamwa na wapita njia hujifunza mapema kuwatazama wengine kwa namna iliyo tofauti. Alisoma utabibu katika chuo kikuu cha mji wake, akavutwa sana na elimu ya jinsi kiumbe kinavyojengeka tumboni mwa mama yake, akahitimu mwaka 1927. Na mwaka huo huo tabibu mmoja mwanamke wa Kiholanzi, Ita Wegman, akamwalika kufanya kazi katika zahanati yake huko Arlesheim, Uswisi.

Bibi Wegman alikuwa sahibu na msaidizi wa Rudolf Steiner, mwanafalsafa wa Austria aliyefariki mwaka 1925, ambaye katika kiangazi cha 1924, siku zake zikiwa zimekaribia ukingoni, alitoa mafundisho mawili ambayo watu wengi hawayafungamanishi, ilhali kwa historia yetu ni kama mito miwili inayokutana. La kwanza alilitoa mwezi Juni katika shamba la Koberwitz, Silesia, akiwahutubia wakulima waliolalamika kuwa ardhi yao inachoka; la pili alilitoa muda mfupi baadaye huko Dornach, akizungumza na vijana waliotaka kuwalea watoto wenye ulemavu wa akili. Kwa wakulima alisema kwamba shamba lapasa kutazamwa kama kiumbe kizima, chenye mifugo yake, samadi yake na mbegu zake. Kwa walezi alisema kwamba ndani ya kila mtu, hata akiwa na ulemavu wa namna gani, iko nafsi isiyougua. Yako mengi katika mafundisho ya Steiner ambayo wenye sayansi hawayakubali, na wala si kazi yangu hapa kuyatetea. Lakini mazungumzo haya mawili ndiyo yaliyokuja kukaa pamoja Danby Dale, na mtu atakayeyatenga hataielewa Botton.

Huko Arlesheim, siku ya sherehe ya kungojea Krismasi, König aliona jambo ambalo baadaye alilitaja kuwa ndilo lililoamua maisha yake. Katika chumba chenye giza, kuvumwani kumetandazwa sakafuni kwa mzunguko mfano wa konokono, na katikati yake mshumaa mmoja unawaka. Mtoto mmoja mmoja, kila mmoja na mshumaa wake mdogo, anaingia katika mzunguko ule, anafika katikati, anawasha mshumaa wake kwa ule mkubwa, kisha anatoka, na chumba kinazidi kuwa na nuru. Watoto wale walikuwa ni wale ambao dunia iliwaita wasiofaa kitu. Tabibu kijana, akiwa amesimama ukutani, akakata shauri kwamba umri wake wote utakuwa wao.

Mwaka 1929 alimwoa Mathilde Maasberg, ambaye watu walimwita Tilla, binti aliyelelewa katika jumuiya ya Wamoravian ya Silesia. Wasomaji wa Rungwe na Tabora hawana haja ya kufasiriwa Wamoravian ni watu gani, kwani wamisionari wao walifika Unyakyusa tangu mwaka 1891. Lakini huenda wengine hawakumbuki kwamba kanisa lile lilihuishwa na wakimbizi, waliotoka Moravia mwaka 1722 wakapewa mahali pa kujenga katika shamba la Mjerumani mmoja wa daraja la juu, jina lake Zinzendorf, wakaunda mji wa Herrnhut ambamo ibada na kazi na chakula vilikuwa ni shughuli ya wote. Tilla aliingia katika ndoa na desturi hizo mikononi mwake. König mwenyewe aliwahesabu watu watatu kuwa nyota za kumwongoza, nao ni Comenius aliyekuwa askofu na mwalimu, Zinzendorf, na Robert Owen aliyejaribu kuondoa dhuluma viwandani. Naam, mmojawapo alikuja kwake kwa njia ya mkewe.

Wakiwa mume na mke walifanya kazi Pilgramshain, jumba kubwa la Silesia lililogeuzwa kuwa makao ya watoto wenye ulemavu, hata mwaka 1936, ambapo kwa Myahudi kuendelea kukaa chini ya utawala wa Hitler kulikuwa hakuwezekani tena. Wakarudi Vienna. Huko likamzunguka kundi la vijana, wengi wao Mayahudi, wanafunzi wa utabibu na wapenzi wa sanaa, wakikutana nyumbani kwake kusoma na kujadiliana. Miongoni mwao walikuwamo Thomas Weihs, Peter Roth na Carlo Pietzner, na majina ya hawa wawili wa mwisho yatarudi. Tarehe 12 Machi 1938 majeshi ya Hitler yakaingia Austria. Vijana wale wakaagana kwamba kila mtu atatoroka kwa njia atakayoipata, na kwamba popote tabibu wao atakapopata kimbilio, hapo watakusanyika waanze kazi.

Yafaa nisimame hapa kidogo, kwa sababu jambo hili aghalabu hupitwa haraka. Watu hawa walikimbia kwa sababu ya asili yao. Lakini katika mji waliouacha nyuma, wale waliotaka kuwatumikia nao walikuwa karibu kuandikiwa hukumu. Hitler alitia sahihi waraka, ukirudishwa nyuma hata tarehe 1 Septemba 1939, wa kuruhusu kuuawa kwa wagonjwa na walemavu. Katika vituo sita vilivyotengenezewa vyumba vya gesi waliuawa watu zaidi ya 70,000 hata kufikia Agosti 1941, na baada ya hapo kazi hiyo ikaendelea kimya kimya kwa sindano na kwa njaa. Katika Vienna penyewe, hospitalini Am Spiegelgrund, walikufa watoto karibu 800. Basi mtu asemapo kwamba Camphill, yaani harakati ambayo wakimbizi hawa walikuja kuianzisha, ilikuwa ni kazi ya hisani, hasemi uongo, ila hajasema yote. Waliofukuzwa kwa damu yao walichagua kukaa na waliohukumiwa kwa akili zao.

König alifika Uingereza Desemba 1938, na mwaka uliofuata, kwa hisani ya wenye shamba la Williamston katika Uskoti, yeye na wenzake wakapewa nyumba ya mawe iitwayo Kirkton House, karibu na mji mdogo wa Insch. Watoto wa kwanza wakaja. Vijana waliokulia katika miji yenye kumbi za muziki wakajifunza kukata kuni, kupika na kulima mboga katika udongo wa baridi, na kufua nguo za watoto ambao wengine hawakuweza kujizuia.

Mwezi wa Mei 1940, vita vikiwa vimepamba moto, serikali ya Uingereza iliwakamata wanaume wa kundi lile kwa kuwa walihesabiwa raia wa nchi adui, ikawapeleka kizuizini katika kisiwa cha Man. Mipango ya kuhamia nyumba kubwa zaidi ilikuwa tayari, nyumba iliyonunuliwa kwa msaada wa bwana mmoja wa ukoo wa Macmillan, wachapishaji wa vitabu, katika kiunga cha Camphill kando ya mto Dee, nje ya Aberdeen. Waume hawapo, lugha ni ngeni, fedha hakuna: mtu angeweza kusema ngojeni. Tilla König na wanawake wenziwe hawakungoja. Tarehe 1 Juni 1940 walihama na watoto wao na watoto wa watu, wakaingia katika nyumba ile, na kwa hiyo harakati ambayo dunia nzima inaijua kwa jina la mwanamume ilianzishwa na wanawake. Wanaume walipofunguliwa walikuta nyumba imekwisha kuwa na taratibu zake.

Shule ya Camphill ilikua haraka katika miaka ya vita na baada yake. Lakini watoto hawabaki watoto. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950, wale waliofika wakiwa wadogo walikuwa vijana wenye ndevu na wasichana waliokomaa, na wazazi wao wakawa wanauliza swali ambalo kila mzazi wa mtoto wa namna hiyo hulala nalo: nikifa mimi, nani atamtazama?

Jibu la nchi lilikuwa limekwisha tolewa. Sheria ya mwaka 1913 ya Uingereza na Wales ilikuwa imewapanga watu hawa kwa mafungu, kila fungu na jina lake la kudhalilisha, ikatoa mamlaka ya kuwafungia maisha yao yote. Na wengi waliishia katika hospitali kubwa zilizojengwa mbali na miji, zenye mabweni marefu ya vitanda vilivyokaribiana hata mtu asipate mahali pa kuweka kikombe chake mwenyewe. Tena nyingi za hospitali hizo zilikuwa na mashamba. Hili nalisema makusudi, kwa kuwa wako wanaodhani kwamba hewa safi na ng'ombe vyatosha kumpa mtu heshima. Katika makoloni hayo, kwani ndivyo yalivyoitwa, wanaume walilima viazi miaka thelathini bila ya kuchagua siku hata moja, wanawake wakatengwa nao upande wa pili wa uwanja ili wasizae, na jioni waliowasimamia walifunga milango wakaenda zao makwao. Shamba lilikuwa lile lile, na jembe lile lile.

Kwa hiyo Botton haikuvumbua shamba. Ilichovumbua ni kutokwenda kwao jioni. Ukoo wa Macmillan, ambao ulikuwa na mtoto aliyelelewa Camphill, uliitoa milki yake ya Danby Dale. Taasisi ya kuishika ikaandikishwa mwaka 1954 kwa jina la Camphill Village Trust. Na mwaka uliofuata kundi dogo, Peter Roth akiwa miongoni mwake, likahamia bondeni pamoja na wakazi wa kwanza. Udongo ulikuwa mwepesi na wenye tindikali, upepo mkali, majira ya baridi marefu. Katika kila nyumba waliishi mume na mke na watoto wao, na pamoja nao watu wazima kadhaa wenye ulemavu, na labda kijana mmoja au wawili waliokuja kujitolea. Aliyefanya kazi hakulipwa kwa kazi yake; jamaa yake walipewa walichohitaji, kwa kufuata fikira ya Steiner kwamba jumuiya hupata salama kadiri kila mmoja anavyopunguza kudai matunda ya jasho lake kwa ajili yake mwenyewe.

Wenye ulemavu waliitwa wanakijiji. Hawakuitwa wagonjwa, wala wanafunzi, wala wafungwa. Sisi katika lugha yetu tunasema taahira, punguani, zuzu, na maneno hayo hurushwa vichochoroni kama mawe; nami nimeziona nyumba huku kwetu pwani ambamo mgeni apigapo hodi mtoto wa namna hiyo huondolewa upesi ukumbini akapelekwa uani, ingawa watu wa nyumba hiyo hiyo wanaijua methali ya hujafa hujaumbika na huisema kwa ufasaha. Mwanakijiji ni neno lisilo na aibu, na mtu aweza kuzeeka nalo.

Na kazi? Hapa ndipo penye kiini cha mambo, nami naomba subira ya msomaji. Ziko njia nyingi za kumshughulisha mtu mwenye ulemavu, na nyingi kati yake ni za kumpotezea wakati: leo asuke, kesho kilichosukwa kifumuliwe ili apate cha kusuka tena. Mtu huyo, hata kama hawezi kuhesabu vidole vyake, hujua kwamba anadanganywa. Ng'ombe hadanganyi. Kiwele kikijaa sharti akamwe, mvua inyeshe isinyeshe, na asipokamwa ataugua, maziwa hayatafika chumba cha jibini, na asubuhi nyumba zote za bondeni zitajua. Hali kadhalika mkate wa tanuri la kijiji ulikuwa ndio mkate uliokatwa mezani, na aliyeukanda aliuona ukiliwa.

Chukua kazi moja iliyo ngeni kwa wakulima wa kwetu, iliyotokana na yale mafundisho ya Steiner kwa wakulima. Wakati wa vuli pembe za ng'ombe hujazwa samadi mbichi na kuzikwa ardhini. Masika yanapoingia hufukuliwa, na samadi iliyokwisha kuwa nyeusi na laini isiyo na harufu hutiwa kiasi kidogo tu katika pipa la maji ya vuguvugu. Kisha hukorogwa kwa muda wa saa nzima. Mkorogaji huzungusha fimbo kwa nguvu upande mmoja mpaka maji yafanye shimo refu katikati. Ndipo ghafula huyageuza upande wa pili, maji yakapambana na kutoa povu, shimo likapotea, naye akaanza upya. Kama dawa hiyo inaizidishia rutuba ardhi au haizidishi, ni hoja ya wataalamu. Lakini kazi hiyo yataka mtu asiyechoka kurudia, asiyetaka kusikiliza redio, aliyeridhika kuyatazama maji. Na mtu huyo, ambaye kiwandani angefukuzwa siku ya kwanza kwa uzito wake, hapa ndiye fundi, na mwenye haraka ndiye asiyefaa.

Ndivyo ilivyo katika mbegu vilevile. Shamba mojawapo la Botton, Stormy Hall, lilijulikana kwa mbegu za mboga. Mbegu za vitunguu ni nyeusi kama baruti, nazo huwa zimechanganyika na makapi. Hupepetwa, huchekechwa, kisha humwagwa mezani kutengwa kwa kidole punje moja moja, nzima huku, iliyovunjika kule. Kuna mikono iliyoumbwa kwa kazi hiyo.

Kijiji kikaenea bondeni hata kikapita watu mia mbili, kikawa na mashamba kadhaa, na kanisa, na ukumbi wa tamthilia na muziki, na posta yake. Kutoka hapo mfano ukasafiri. Carlo Pietzner alivuka bahari, na mwaka 1961 kijiji cha Copake kikaanzishwa katika jimbo la New York; Norwei ikafuata mwaka 1966 kwa kijiji cha Vidaråsen, ambacho kilimshughulisha sana mwanachuoni Nils Christie, mtaalamu wa mambo ya jinai na adhabu, hata akaandika kitabu juu ya vijiji hivyo mwaka 1989. Afrika Kusini ilikuwa nayo, na Botswana tangu mwaka 1974, huko Otse. König mwenyewe hakuyaona yote. Alihamia kusini mwa Ujerumani mwaka 1964, katika nchi iliyokuwa imewaua watu aliowapenda, akafa huko tarehe 27 Machi 1966.

Uingereza nayo ilibadilika. Mwaka 1967 magazeti yalifichua mateso katika hospitali ya Ely, Cardiff, mojawapo ya zile hospitali za watu wenye ulemavu wa akili. Mwaka 1971 serikali ikatangaza azma ya kuyapunguza mabweni yale, na polepole hospitali kubwa zikafungwa. Jambo lililokuwa faraja kwa maelfu likawa mtihani kwa Botton, kwa kuwa fikira mpya zilisema kwamba mtu mwenye ulemavu astahili kukaa mtaani kama jirani yeyote, awe na mkataba wa nyumba yake, achague wa kumhudumia na kumwachisha. Na zikauliza kama kijiji kilichojitenga bondeni si ukuta mwingine, ila umepakwa rangi nzuri. Swali hili ni la haki. Nyumba ambayo mwenyeji ndiye mlezi, na mlezi ndiye mwenye funguo na mwenye kauli, yahitaji jicho la nje, kwani mapenzi peke yake hayajawahi kumlinda mnyonge asidhulumiwe. Nalikubali hilo bila ya kusita.

Katika miaka ya 2010 mvutano huo ukaingia ndani ya Botton yenyewe. Wasimamizi wa taasisi, wakitaja sheria za kodi na wajibu wa kuwalinda wanakijiji, waliamua kwamba wakazi wasiolipwa wawe waajiriwa wenye mishahara na saa za kazi. Wakazi wengi, na baadhi ya jamaa za wanakijiji, wakapinga, na shauri likafika mahakamani. Kila upande ulisema unawatetea wanakijiji, na naamini kila upande ulimaanisha. Mwisho wake jumuiya ikagawanyika: sehemu ikabaki chini ya taasisi ile kwa utaratibu wa waajiriwa, na wengine wakaunda jumuiya yao wenyewe katika bonde hilo hilo, wakiendelea kuishi nyumba moja. Mimi siwezi kuwalaumu waliotaka daftari na mkataba. Lakini mfanyakazi mwenye zamu, awe mwema namna gani, saa yake ikifika huvaa koti lake, na mwanakijiji humsindikiza kwa macho mpaka mlangoni.

Sherehe ya mishumaa ingali ikifanywa katika jumuiya nyingi za Camphill, Jumapili ya kwanza ya kungojea Krismasi. Mshumaa mdogo husimikwa katika tofaa ili nta isiunguze mkono. Wazee walioingia katika kazi hii wakiwa vijana hukaa ukutani pamoja na wanakijiji walioingia wakiwa watoto, na wote nywele zimekuwa nyeupe. Mmoja huitwa jina lake, huinuka, huingia katika mzunguko wa kuvumwani. Wako wanaotembea kwa magongo, na wako wanaosimama njiani wakasahau walikuwa wanakwenda wapi, na hapo chumba kizima hukaa kimya na giza lake, bila mtu kuinuka kumvuta mkono, mpaka akumbuke mwenyewe.